Mume ni raia wa Marekani lakini hana cheti cha uraia. I-130 imekwama, wakili anataka hela nyingine

#1 Nyota wa Kasulu (14 Agosti 2024)
Habari za jioni wakuu. Nina jambo linaninyima usingizi, naombeni mawazo yenu.

Mume wangu ni Mkongo wa Fizi kwa kuzaliwa. Amekulia kambi ya Nyarugusu, hapa hapa wilayani kwetu. Mwaka 2010 familia yao ilipelekwa Marekani kama wakimbizi, jimbo la Kentucky. Mama yake aliapa uraia mwaka 2016, mume wangu akiwa na miaka 14. Yeye hakuwahi kuapa wala kufanya ule mtihani wao. Desemba 2017 walimkatia pasipoti ya Marekani, na ndiyo aliyosafiria kuja kunioa Mei 2022. Ndoa yetu ni ya bomani, cheti kipo.

Septemba 2023 wakili wake alipeleka I-130, lile ombi la raia kumleta mke wake Marekani. Mwezi uliopita ikaja barua ya tarehe 22 Julai. Inasema ushahidi kuwa mwombaji ni raia wa Marekani hautoshi, alete mwingine, na jibu liwafikie kabla ya 17 Oktoba. Wakili anasema dawa ni kuomba cheti cha uraia kwa fomu N-600, na kwa kazi hiyo anataka dola 1,500 juu ya zile 1,800 alizolipwa mwanzo, ada ya serikali mbali. Nikimwandikia mimi hajibu. Mume wangu anapiga kazi usiku kwenye ghala, na mchana akipiga simu ofisini anaambiwa wakili yuko mahakamani.

Mtu anakuwaje raia, pasipoti amepewa, halafu aambiwe athibitishe? Na huyu wakili anatusaidia au anatukamua?

#2 Chachandu
Anawakamua. Uzi ufungwe. Natandika mkeka hapa nisubiri wajuzi.

#3 Kijana wa Louisville
Pole shemeji yetu. Hiyo pasipoti bado hai?

#4 Nyota wa Kasulu
Iliisha Desemba 2022. Hakuishughulikia tena, hakuwa na safari, na kila senti ilikuwa inawekwa kwa ajili ya ombi.

#5 Mzee wa Karatasi
Basi swali lako la kwanza limejijibu, binti yangu.

USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, wanapokea pasipoti kama ushahidi wa uraia kwa masharti. Iwe haijaisha muda, na iwe ile ya miaka 10 aliyopewa mtu mzima. Ya mumeo ina kasoro zote mbili. Imeisha, na alipewa kabla hajatimiza miaka 16, na walio chini ya 16 hupewa ya miaka 5. Ushahidi mwingine wanaoutambua ni cheti cha kuzaliwa Marekani kutoka kwa msajili wa serikali, cheti cha tajnisi (cha aliyeomba uraia na kuapa mwenyewe), cheti cha uraia, ile hati ya ubalozi ya mtoto wa raia aliyezaliwa nje, au tamko la ofisa wa ubalozi kwamba mwombaji ana pasipoti hai. Mumeo kwa sasa hana hata kimoja mkononi.

Ila kuwa raia ni raia. Kuna sheria ya mwaka 2000 iliyoanza kazi 27 Februari 2001. Inasema mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, anayeishi Marekani chini ya malezi halali ya mzazi ambaye ni raia, naye ni raia papo hapo. Siku mama yake alipoinua mkono kuapa, kijana alikuwa raia hata kama wakati huo alikuwa darasani. Hakuna kiapo cha mtoto, na hakuna karatasi inayotumwa nyumbani. Karatasi ni lazima uiombe mwenyewe.

#6 Kamba Mbili
Mzee hapo umeruka kitu. Mkimbizi akifika hapewi grini kadi siku hiyo, anaomba baada ya mwaka. Je, huyu kijana aliombewa? Maana bila grini kadi hiyo sheria haimgusi.

#7 Mzee wa Karatasi
Swali zuri. Ni kweli wanaomba baada ya mwaka mmoja, ila ikikubaliwa, tarehe ya ukaazi inarudishwa nyuma hadi siku ya kuingia. Ndiyo maana mama ameweza kuapa 2016. Na pasipoti ya 2017 isingetoka bila mtoto kuonyesha kuwa alikuwa na ukaazi. Nyota aulize tu, kadi yenyewe au nakala yake ipo wapi.

#8 Maisha ya Bukavu
Jambo bote. Miye niko huku Lexington. Nauliza kitu moja, dada Nyota usikasirike. Ku kambi batoto mingi baliandikwa ku karatasi ya mama mdogo ao shangazi, juu wazazi balikufa ku vita. Balifika huku na ile familia, mama mdogo akaapa, kila mtu akasema batoto ni raia. Kumbe hapana. Kama hakukuwa adopsheni ya kweli, ile uraia haipiti. Nilimuona kijana mmoja wa kwetu ilimtesa sana. Huyo mama ni mama mwenye kumuzaa?

#9 Nyota wa Kasulu
Sijakasirika kaka. Ndiye aliyemzaa. Baba yake ndiye alifariki kabla hawajavuka ziwa.

#10 Maisha ya Bukavu
Asante. Pole kwa mzee. Basi ile shida haiko kwenu.

#11 Joho Jeusi
Salaam. Mimi ni wakili wa huku Dar, sina leseni ya Marekani, kwa hiyo haya yachukueni kama ya mtu anayesoma fomu kwa makini.

Kabla ya kumlaumu mtu, pateni nakala ya I-130 yenyewe kama ilivyopelekwa. Sehemu ya pili, ile ya taarifa za mwombaji, ina swali: uraia wako uliupataje? Kuna visanduku vitatu, kuzaliwa Marekani, tajnisi, au kupitia wazazi. Swali linalofuata linauliza kama una cheti cha tajnisi au cha uraia, na namba yake. Aliyejaza akiweka alama kwenye tajnisi halafu namba ya cheti akaiacha wazi, ofisa atauliza tu, hata pasipoti ingekuwa hai. Nadhani hapo ndipo penye shida, kuliko hata pasipoti.

#12 Mama Pacha
Mimi nina sababu ya tatu. Ofisi za mawakili wanaskani vibaya. Ya mume wangu walituma ukurasa wa pasipoti ambao ile mistari miwili ya chini yenye herufi na alama za mshale imekatwa nusu, na picha imekuwa nyeusi kama makaa. Barua ikarudi maneno yale yale, ushahidi hautoshi. Tukaskani upya kwa rangi, ukurasa mzima na kona zake nne, ikapita. Dada omba uone kilichotumwa.

#13 Baharia wa Tanga
Mama Pacha, mumeo si alikuwa na cheti cha tajnisi? Kwa nini mlihangaika na pasipoti?

#14 Mama Pacha
Alikataa kukitoa nakala. Cheti chenyewe kimeandikwa kwamba kukinakili bila ruhusa halali ni kosa la kuadhibiwa. Alisema hafungwi kwa ajili ya fotokopi.

#15 Chachandu
Shemeji mwoga wa fotokopi lakini hakuogopa kuoa binti wa Kichaga.

#16 Mzee wa Karatasi
Chachandu tulia. Mama Pacha, hilo linawatisha wengi. Kinachokatazwa ni kunakili bila ruhusa halali. Maelekezo ya I-130 yenyewe yanataka nakala ya cheti. Unayemnakilia ndiye aliyekuagiza, hakuna wa kumfunga mumeo. Kosa ni kutuma cheti halisi. Kikipotea ni fomu N-565 ya kuomba kingine, na ada juu.

#17 Binti Kiponda (15 Agosti)
Assalaam alaykum. Mimi nakaa Ohio, nafanya ukalimani kwenye ofisi za mawakili wa uhamiaji, kwa hiyo nataka niwatetee kidogo.

Mkataba wa dola 1,800 kwa kawaida ni wa kuandaa na kupeleka I-130. Mikataba mingi inasema wazi kuwa kujibu barua ya kuomba ushahidi ni malipo ya ziada, au ni bure kama kosa ni la ofisi. Dada Nyota, mumeo ana nakala ya mkataba aliousaini? Hapo ndipo pa kuanzia. N-600 ni kazi tofauti kabisa na I-130, na wakili yeyote ataitoza peke yake. Ada ya serikali tangu 1 Aprili 2024 ni dola 1,385 kwa karatasi na 1,335 kwa mtandao. Kwa hiyo jumla mnaitazama karibu 2,900. Ni nyingi, lakini sioni wizi hapo.

Kuhusu kutokukujibu wewe. Fomu inayomtambulisha wakili inaitwa G-28, na aliyeisaini kama mteja ni mumeo. Wewe ni mnufaika. Akikueleza mambo ya faili bila ruhusa ya mteja wake anajiweka pabaya. Mumeo aandike barua pepe fupi: "Namruhusu mke wangu apewe taarifa zote za shauri hili." Nimeona sana hili, mke yuko Afrika anaamini anadharauliwa, kumbe wakili anasubiri ruhusa.

#18 Kamba Mbili
Binti Kiponda umetetea vizuri ila hujagusa kiini. N-600 inachukua miezi mingi. Barua inataka jibu kabla ya 17 Oktoba. Sasa N-600 inajibuje barua ya miezi mitatu? Huyo wakili au hajui, au anajua.

#19 Mzee wa Karatasi
Nakubaliana na Kamba Mbili. Kwa barua hizi kikomo cha juu ni siku 84, wanaongeza siku 3 za posta, na kanuni haiwapi ruhusa ya kuongeza tena. Hesabuni kutoka 22 Julai mtafika 17 Oktoba. Risiti ya N-600 inathibitisha tu kwamba umeomba.

Njia fupi ni hii. Hiyo pasipoti ya utotoni ambayo USCIS hawaipokei, idara inayotoa pasipoti inaipokea. Kwao pasipoti ya Marekani iliyotolewa kwa muda kamili, iwe ya miaka 10 au ya miaka 5 ya mtoto, ni ushahidi wa uraia hata ikiwa imeisha, ilimradi haijaharibika. Kijana aende mwenyewe posta au kwa karani anayepokea maombi, na fomu DS-11, pasipoti ya zamani, kitambulisho na nakala yake, picha moja. Asijaze ile ya kuhuisha kwa posta, ya mtoto haihuishwi hivyo. Dola 130 na 35 za kupokelewa, jumla 165. Akitaka haraka aongeze 60. Kwa Agosti 2024 walikuwa wametangaza wiki 6 hadi 8 kwa kawaida, 2 hadi 3 kwa haraka, muda wa posta haumo. Atapata ya miaka 10, ya mtu mzima, na hiyo ndiyo wanayoitaka.

Dola 225 dhidi ya 2,900.

#20 Otis254
Mzee umeongea. Mimi nilifanya DS-11 hapa Minnesota baada ya kupoteza ya kwanza na haikuwa na shida. Nyota, jamaa akienda aanze na kupiga picha kurasa zote za ile pasipoti ya zamani, kwa rangi, hata zile tupu. Inaenda na maombi. Itarudi, ndio, lakini inakuja kwa bahasha yake na wakati mwingine inachelewa. Muhuri wa kuingia Tanzania Mei 2022 uko huko ndani, na huo ndio unaonyesha kwamba mlikuwa pamoja wakati wa harusi.

Na huyo lawyer mshtaki. Kuna kesi inaitwa Lozada, inakupa haki ya kumwandama wakili mzembe.

#21 Joho Jeusi
Otis, Lozada ni uamuzi wa mwaka 1988 wa bodi ya rufaa za uhamiaji. Unahusu mtu aliye kwenye shauri la kuondolewa nchini anayedai wakili wake alimwangusha. Anatakiwa atoe kiapo cha maelezo, amjulishe wakili huyo ajibu, na aeleze kama amemshtaki kwenye chombo cha nidhamu. Hapa hakuna shauri la kuondolewa wala hakuna aliyeanguka bado. Kama mumeo analalamika kutojibiwa simu, mahali pake ni chama cha mawakili cha jimbo alipopata leseni. Na ikumbukwe, leseni ya jimbo moja inatosha kufanya uhamiaji majimbo yote, kwa hiyo msishangae mkikuta wakili wa Kentucky ana leseni ya Texas.

#22 Baharia wa Tanga
Swali la pembeni. Ile programu ya Biden ya wenza wa raia iliyotangazwa Juni 2024, Nyota hangeweza kuingia hapo?

#23 Binti Kiponda
Hapana. Ilitangazwa kwa walio ndani ya Marekani bila hadhi halali, waliokaa miaka 10 kufikia 17 Juni 2024, na ndoa iwe ilikuwepo kufikia tarehe hiyo.  Nyota yuko Kasulu.

#24 Dada wa Ujiji
Nyota mdogo wangu, mimi nitakuwa mkali. Je, una hakika mumeo ni raia, au ni familia inasema? Kwa sababu ikitokea si raia, ombi lako linageuka la mke wa mwenye grini kadi, na hapo kuna foleni ya miaka. Na kibaya zaidi kama amepiga kura au amejaza kazini kwamba ni raia. Kudai uraia usio nao ni jambo linalomfukuzisha mtu Marekani hata kama alidhani anasema kweli. Nimeona ndugu amehangaika kwa hilo.

#25 Kijana wa Louisville
Dada wa Ujiji unamtisha mtu bure. Idara ya pasipoti ilishamkagua 2017 na ikampa. Huyo si raia wa kusikia kwenye harusi.

#26 Dada wa Ujiji
Simtishi. Nimesema aone karatasi kwa macho yake: cheti cha tajnisi cha mama na tarehe yake, grini kadi ya kijana, cheti cha kuzaliwa au ile hati ya ukimbizi inayomwonyesha ni mtoto wa huyo mama. Vikikaa mezani vyote vitatu nitanyamaza.

#27 Nyota wa Kasulu (16 Agosti)
Wakuu nawashukuru, nimesoma kila mstari. Nimeongea na mume wangu leo alfajiri alipotoka kazini.

Cheti cha mama kipo, tarehe ni ya Machi 2016. Grini kadi yake ya utotoni mama ameitunza kwenye Biblia. Cheti cha kuzaliwa hana, ana ile karatasi ya ukimbizi, na tarehe yake ya kuzaliwa wameandika 1 Januari 2002 kama nusu ya watu wa kambi. Kuna kitu kingine kimenishtua. Kwenye karatasi ya ukimbizi jina la ukoo limetangulia, kwenye pasipoti limekuja mwisho, na kwenye cheti chetu cha ndoa karani aliandika majina mawili tu.

Mkataba ameupata kwenye barua pepe za zamani. Hausemi lolote kuhusu barua ya kuomba ushahidi. Ameomba nakala ya fomu.

#28 Joho Jeusi
Hilo la majina nalo ni sababu inayotosha kabisa kuleta barua. Ofisa ana pasipoti iliyoisha yenye majina matatu, cheti cha ndoa chenye mawili, na faili la ukimbizi lililogeuzwa. Hata mimi ningeuliza huyu ni nani. Mumeo aandike kiapo cha maelezo kwamba majina hayo yote ni yake, kipelekwe pamoja na jibu.

#29 Mama Pacha
Hivyo sasa tuna pasipoti iliyoisha, kisanduku, skani mbaya, na majina. Nani kashinda?

#30 Kamba Mbili
Barua yenyewe inasema nini? Nyota, neno kwa neno, wametaja pasipoti?

#31 Nyota wa Kasulu
Wameorodhesha aina zote alizotaja Mzee na kusema alete mojawapo. Hawajataja pasipoti ya zamani wala jina.

#32 Mzee wa Karatasi
Ndivyo zilivyo, maneno mengi ya hizo barua ni yale yale kwa kila mtu. Usitafute ndani yake ofisa aliwaza nini. Jibu kila kinachowezekana kwa mpigo mmoja. Na hili ulishike sana: jibu lote liende mara moja, bahasha moja. Ukipeleka nusu leo na nusu wiki ijayo, wanaweza kuichukua ile nusu ya kwanza kuwa ndiyo jibu lako lote na kuamua kwa hiyo hiyo. Pasipoti mpya, cheti cha mama, grini kadi, karatasi ya ukimbizi, kiapo cha majina, barua fupi ya kueleza, na ile barua yao halisi ikae juu kabisa.

#33 Binti Kiponda
Naongeza. Msitupe wazo la N-600 moja kwa moja. Pasipoti inaisha, inaibiwa, inalowa. Cheti cha uraia hakiishi muda. Kwa mtu ambaye uraia wake umetoka kwa mama, siku mama hayupo na karatasi zake hazionekani, cheti hicho ndicho kitakachomsimamia yeye na watoto wenu. Afanye pasipoti sasa, N-600 baadaye akipata nafasi.

#34 Otis254
Na N-600 unaweza kuomba msamaha wa ada kwa I-912. Kwa nini alipe 1,385?

#35 Dada wa Ujiji
Otis fikiria hatua mbili mbele. Leo aseme hana uwezo wa kulipa ada, kesho kwenye I-864, fomu ya kumdhamini mke, aseme kipato chake kinafika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini na anaweza kumtunza mke. Mimi nisingefanya hivyo.

#36 Otis254
Si kosa kisheria. Watu hutumia mdhamini mwenza.

#37 Dada wa Ujiji
Sijasema ni kosa.

#38 Kijana wa Louisville
Kuna njia nyingine haijatajwa. Mashirika yanayopokea wakimbizi huku kwetu yana watu walioidhinishwa na wizara ya sheria kufanya kazi za uhamiaji. Si mawakili lakini wanaruhusiwa kusaini G-28 kama wakili, na bei zao ni ndogo sana. Orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya mahakama za uhamiaji. Jamaa aende pale waliposhukia 2010, wengine bado wana faili la familia.

Na wasikubali mtu wa kanisani anayejaza fomu kwa dola 200 bila kusaini sehemu ya mtayarishaji. Huyo ni kishoka. Kosa likitokea hayupo kwenye karatasi yoyote.

#39 Chachandu
Kwa hiyo nimfute kazi wakili au vipi? Nauliza kwa niaba ya Nyota, mimi hata mke sina.

#40 Joho Jeusi
Kumbadilisha ni haki ya mumeo muda wowote. Wakili mpya anapeleka G-28 mpya, au mumeo anawaandikia USCIS kwamba anamwondoa na atajisimamia. Adai faili lake kwa maandishi. Kwa kanuni za maadili za mawakili wa kule, wakili anayeondoka anatakiwa kumrudishia mteja nyaraka zake na sehemu ya malipo ambayo hakuifanyia kazi.

#41 Binti Kiponda
Mkuu hapo nyongeza ndogo. Baadhi ya majimbo yanamruhusu wakili kushikilia sehemu ya faili mpaka alipwe anachodai. Kwa hiyo mumeo asianze na ugomvi. Na kumbadilisha wakili katikati ya siku 84 kuna hatari yake, barua zinaweza kuendelea kwenda kwa yule wa zamani wiki kadhaa.

#42 Kamba Mbili
Kuna hatari kubwa zaidi ya kubaki na mtu asiyepokea simu.

#43 Nyota wa Kasulu (29 Agosti)
Mrejesho. Nakala ya fomu imekuja. Joho Jeusi, kisanduku kilichowekwa alama ni tajnisi. Namba ya cheti wameacha wazi. Na ile skani ya pasipoti ni kama alivyosema Mama Pacha, mistari ya chini haisomeki.

Mume wangu amepeleka DS-11 posta, kwa haraka, na cheti cha mama amekwenda nacho. Karani aliangalia pasipoti ya zamani, akasema hiyo inatosha, cha mama akamrudishia. Wakili ameandikiwa barua pepe ya ruhusa, akanijibu siku hiyo hiyo, tena kwa adabu. Anasema kisanduku kilijazwa na msaidizi wake, atajibu barua bila malipo, lakini bado anashauri N-600 na anataka jibu liende sasa bila kusubiri pasipoti, na cheti cha mama pekee.

#44 Mzee wa Karatasi
Hongera kwa hatua. Lakini asitume sasa. Muda upo hadi Oktoba.

#45 Binti Kiponda
Mimi naona hoja ya wakili. Cheti cha mama, grini kadi na hati ya uhusiano vinaeleza uraia wake tangu mzizi. Ofisa mzuri anavikubali. Pasipoti ikichelewa hadi katikati ya Oktoba mtajuta.

#46 Mzee wa Karatasi
Na ofisa asiyevikubali? Hakuna bahasha ya pili. Weka tarehe ya mwisho ya kusubiri, mwishoni mwa Septemba, ikifika bila pasipoti ndipo mtume mlivyo navyo.

#47 Dada wa Ujiji
Nakubaliana na Mzee, na leo sina neno la kutisha. Ndoa yenu imeshavuka miaka miwili, kwa hiyo ukiingia kule utapewa kadi ya miaka 10 moja kwa moja, hakuna ile ya masharti wala I-751, fomu ya kuyaondoa. Kuchelewa kumekupunguzia kazi. Ukija kufika hatua ya uraia, ujue tu sisi watu wazima sheria yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili.

#48 Otis254
Hamieni Kenya, tuliruhusu tangu katiba ya 2010.

#49 Chachandu
Na ugali wenu mgumu? Hapana.

#50 Mpwa wa Pangani (2 Septemba)
Samahani kwa kuingilia uzi. Kesi yangu inafanana, mke wangu ndiye raia, alizaliwa Puerto Rico mwaka 1995, baba yake alikuwa baharia. Ana cheti cha kuzaliwa halisi, cha zamani, kina muhuri kabisa. Pasipoti hana. Kinatosha kwa I-130?

#51 Mzee wa Karatasi
Kimetolewa mwaka gani? Vyeti vya Puerto Rico vilivyotolewa kabla ya 1 Julai 2010 vilifutwa vyote, hata kama vina muhuri. Aombe kipya huko kwa msajili wao, ndipo mpeleke.

#52 Mpwa wa Pangani
Kimeandikwa 1996. Ahsante mzee, tulikuwa tumeshakiweka kwenye bahasha.